Maswali Tuliyoacha Kuuliza Kuhusu Watoto wa Iringa

Upo mkoa wa Tanzania ambao katika miaka ya 1980 uliifundisha dunia namna ya kumwokoa mtoto asidhoofike kwa utapiamlo. Miaka arobaini baadaye mkoa huohuo ukaongoza nchi nzima kwa watoto waliodumaa. Ni Iringa. Nasimulia kisa hiki kwa sababu kosa lililotokea pale halikufanywa na mtu mmoja mwovu tunayeweza kumnyooshea kidole. Lilifanywa na watu wa kawaida, wabunge, madiwani, wataalamu, waandishi na wazazi, kila mmoja akishughulika na jambo jema lililokuwa mbele yake. Kosa la namna hiyo mimi nawe tunaweza kulirudia bila hata kujua.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, na Rukwa asilimia 49.8. Wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Mbeya ilikuwa afadhali, lakini hata huko karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa amedumaa.

Angalia majina ya mikoa hiyo. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa minne ambayo kwa miaka mingi nchi imeitegemea kwa mahindi. Ukishuka kutoka Iringa kuelekea Morogoro unapita Ilula, nyanya zimepangwa kwenye matenga kandokando ya barabara kuu. Mufindi kuna chai na viazi. Mbarali na Kyela hulisha miji mingi kwa mchele wake, na Rungwe ina ndizi, maziwa, maharage na maparachichi. Basi hatuzungumzii watu waliokosa mvua. Tunazungumzia watoto wanaodumaa huku ghala la nyumbani kwao likiwa na magunia.

Aliyedumaa haonekani mgonjwa kwa macho. Anacheza, anacheka, anakwenda shule. Ni mfupi tu kidogo, na kwa kuwa wenzake wote ni wafupi, nani atashtuka? Wengine husema ni asili ya ukoo. Lakini udumavu haumalizikii kwenye urefu. Unagusa ubongo unaokua, kinga ya mwili, uwezo wa kujifunza darasani na nguvu ya kufanya kazi ukubwani. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, na yakishatokea ni vigumu mno kuyarudisha nyuma. Mkulima wa Iringa analielewa hili kuliko daktari yeyote: mahindi yaliyokosa mbolea ya kupandia hayawezi kufikia yaliyoipata, hata uyamwagie mifuko mingapi baadaye.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za serikali ya Italia, yalianzisha mpango wa pamoja wa kusaidia lishe katika nchi kadhaa. Tanzania ilichagua Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo leo ni mkoa wa Njombe. Mpango ulizinduliwa Desemba 1983 na kuanza katika vijiji 168 vyenye watoto wadogo wapatao 46,000. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa mshirika mkuu, pamoja na viongozi wa mkoa na wataalamu wa UNICEF kama Urban Jonsson na Björn Ljungqvist.

Ukitazama walichofanya, utashangaa jinsi kilivyokuwa cha kawaida. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kizima kilikuwa na siku ya afya. Mizani ilining'inizwa mtini au kwenye boriti, watoto wakapimwa uzito mmoja mmoja, na alama ikawekwa kwenye kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Mama aliyekuwa hajui kusoma aliiona rangi na kuielewa. Hadi hapo hakuna jipya, kwani kliniki nyingi zilikuwa na mizani.

Jipya lilikuwa lile lililofuata. Matokeo hayakukimbizwa wilayani kwanza. Kamati ya afya ya kijiji ilikaa na orodha mkononi na kuulizana: huyu aliyeko kwenye nyekundu ni wa nani? Kwa nini? Je, mama yake analima shamba la mbali na kumwacha mtoto kwa dada yake wa miaka saba? Je, baba ameuza maharage yote? Je, mtoto anaharisha kwa sababu ya maji? Kila jibu lilidai hatua ambayo kijiji chenyewe kinaweza kuichukua: kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana ili wapate mlo zaidi ya mara mbili, kuwafundisha wazazi kutumia kimea ili uji uwe mwepesi kunyweka bila kupunguza nguvu yake, kumpunguzia mama mjamzito mzigo, au kumkalisha baba kitako na kuzungumza naye. Miezi mitatu ikiisha wanapima tena na kuona kama hatua ile imezaa matunda. Wataalamu waliuita mzunguko wa kupima, kuchambua na kutenda. Wanakijiji waliuona kama kikao chao cha kawaida, ila safari hii ajenda ilikuwa mtoto.

Hadi mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka takriban asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Utapiamlo kwa jumla, kwa kipimo cha uzito, ulishuka kutoka zaidi ya nusu ya watoto hadi yapata asilimia 38. Wageni walimiminika kutoka mabara mengine kuja kujifunza. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mkakati wake wa lishe kwa dunia, mchoro wake maarufu wa kuonesha sababu za utapiamlo, kuanzia sahani ya mtoto hadi uchumi na siasa, ulikuwa umetokana kwa sehemu kubwa na yale yaliyofanyika Iringa. Wanafunzi wa lishe wanausoma hadi leo, hata katika nchi nyingi ambako hawajui Iringa iko wapi.

Nimekaa sana kwenye sehemu hii kwa makusudi, maana tukisema tu kwamba tumeshindwa bila kukumbuka kwamba tuliwahi kuweza, tutakata tamaa bure.

Ilikuwaje basi? Ishara zilikuwepo, na ya kwanza ilijitokeza mapema. Mpango uliofanya vizuri ulipanuliwa kwenda mkoa mzima na kisha mikoa mingine, na hilo lilikuwa jema. Lakini ulipanuliwa kwa fedha kidogo zaidi kwa kila mtoto, katika nchi iliyokuwa imebanwa na masharti ya marekebisho ya uchumi tangu makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Wahudumu wa afya wa kijiji walioshika mizani walitegemea posho ndogo au kujitolea. Posho ilipokauka hawakugoma wala kuandamana. Waliacha tu, mmoja baada ya mwingine, wakarudi shambani. Mtu anayeacha kimyakimya haandikwi gazetini.

Ishara ya pili ilikuwa kwenye kipimo chenyewe. Kadi ilipima uzito. Mtoto mfupi mwenye uzito wa kulingana na ufupi wake hakuonekana kuwa na shida kubwa. Kwa hiyo utapiamlo ule wa kutisha, wa tumbo kubwa na miguu iliyovimba, ulipopungua, tulidhani vita imekwisha.

Ishara ya tatu ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa sababu iliandikwa kwa tarakimu, ikachapishwa, ikawekwa mezani. Utafiti wa mwaka 2010 ulionesha udumavu Iringa ukiwa karibu asilimia 52, na Mbeya karibu asilimia 50. Mwaka 2015/16 Iringa ilishuka hadi kama asilimia 42, tukapumua. Utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ukaonesha imepanda tena hadi asilimia 47. Ni kweli tafiti hizi hazifanani kwa kila kitu, mipaka ya mkoa ilibadilika Njombe ilipojitenga mwaka 2012, na takwimu hupanda na kushuka kidogo kutokana na sampuli. Lakini taifa zima lilikuwa likishuka, kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 34, hadi 32, hadi 30. Mkoa mmoja ukigeuka na kwenda kinyume na nchi, hapo pana jambo la kuuliza kwa sauti. Miaka minne ilipita kati ya onyo la 2018 na asilimia 57 ya 2022. Watoto waliozaliwa katika kipindi hicho ndio hao waliopimwa.

Hapa ndipo tunafika kwa wabunge na madiwani wetu, na ninaomba tusome kwa haki.

Kipindi cha maswali bungeni Dodoma kina sura yake. Mbunge husimama na kuuliza: je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani? Naibu Waziri hujibu kwa niaba ya Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma hiyo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Mbunge huuliza maswali mawili ya nyongeza, moja likiwa la gari la wagonjwa, na siku inaendelea. Maswali hayo si ya kudharauliwa. Mama anayejifungua njiani anahitaji kituo karibu, na vituo vimejengwa kweli. Tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021 zililalamikiwa sana, lakini sehemu ya fedha zake ilisimamisha vituo vya afya kwenye tarafa ambazo hazikuwa navyo.

Tatizo ni kwamba fedha ya serikali hufuata swali linaloulizwa mara nyingi. Jengo lina jiwe la msingi, lina siku ya kupokea Mwenge wa Uhuru, lina picha ya kupeleka kwa wapiga kura. Sentimita mbili za urefu wa mtoto wa Kilolo mkoani Iringa hazina sherehe. Ningekuwa mimi diwani, na nina uchaguzi mbele yangu, huenda ningeuliza yaleyale.

Chukua mfano wa mwaka uleule wa 2022. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda vibaya baada ya kuanza kwa vita vya Ukraine. Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walilia, wabunge wao wakalia nao bungeni, na tarehe 8 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mbolea ya ruzuku Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe: watu wameuliza, mwakilishi ameuliza, hazina imejibu. Katika mwaka huohuo, wapimaji walikuwa wakizunguka kwenye kaya za Iringa na kuwapima watoto urefu. Kwa mahindi tulipiga kelele. Kwa mtoto anayekula mahindi hayo asubuhi, mchana na jioni bila yai, bila maharage, bila mboga ya kutosha, kelele haikutoka.

Wala si kwamba Serikali ilikaa bila sera. Desemba 2017, wakati huo Rais Samia akiwa Makamu wa Rais, alishuhudia wakuu wa mikoa wakisaini mkataba wa lishe. Septemba 2022 akasaini nao mkataba mwingine, wa kufika mwaka 2030. Ndani yake kila halmashauri inatakiwa itenge na kutumia angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka mapato yake ya ndani. Shilingi 1,000 ni bei ya mayai mawili au matatu. Kiasi hicho kimekusudiwa shughuli za kuhamasisha, kupima na kufuatilia watoto, maana hakiwezi kumlisha mtoto hata wiki moja. Hata hivyo ni kitu, ikiwa kinatoka.

Ikiwa kinatoka. Kutenga ni kuandika kwenye kitabu cha bajeti. Kutoa ni fedha kuingia kwenye akaunti ya shughuli. Kutumia ni afisa lishe kuwasha pikipiki na kufika kijijini. Kati ya hatua hizo tatu fedha ya lishe hupotelea njiani kwa urahisi kuliko fedha ya ukuta, kwa sababu ukuta ukiishia kwenye renta kila mpita njia anauona. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, na Aprili inafika bungeni. Nchi nzima huchemka kwa fedha zilizoibwa, na ni haki ichemke. Fedha ambayo haikutolewa kabisa haina mwizi, kwa hiyo haina kelele.

Tena lishe haina wizara moja. Mbunge akimuuliza Waziri wa Afya, ataelezwa kuhusu kliniki na vidonge vya madini ya chuma. Akimuuliza wa Kilimo, ataelezwa tani za mavuno. Wa Maji ataeleza visima, na TAMISEMI itaeleza idadi ya maafisa lishe walioajiriwa. Kila jibu ni la kweli, na mtoto anabaki katikati. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayoratibu sekta hizi zote, na huko ndiko swali linapaswa kupelekwa, kwa jina la wilaya na kwa tarakimu.

Lipo pia jambo la wafadhili. Mpango wa miaka ya 1980 ulikuwa na fedha za Italia. Katika miaka ya karibuni, mradi wa Lishe Endelevu uliofadhiliwa na Marekani ulifanya kazi Iringa, Dodoma, Morogoro na Rukwa, nao ukafika mwisho wake. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi ya afya na lishe kwa ghafla. Tunawashukuru waliotusaidia. Lakini kila mradi unapofungwa na mizani ikabaki stoo, hiyo ni ishara ileile ya kwanza inatuita tena.

Nisimtwishe mbunge mzigo wote. Yapo ya nyumbani. Mama wa Mufindi anayeamka alfajiri kwenda kuchuma chai au kupalilia, akarudi jioni, hawezi kumlisha mtoto mara tano kwa siku hata akifundishwa mara mia. Uji mweupe wa sembe hujaza tumbo na kumnyamazisha mtoto, kwa hiyo huonekana umetosha. Mayai na maharage huuzwa ili kupata sabuni na ada. Mikoa hii pia imeumizwa na UKIMWI kuliko mingine: utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye maambukizi, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Bibi wengi wanalea wajukuu kwa nguvu zilizokwisha. Na akina baba tukikutana jioni kwenye ulanzi, ni nadra mtu kumuuliza mwenzake mtoto wake amekula nini leo. Kamati za vijiji za 1984 ziliyauliza haya bila aibu, na ndiyo maana ziliweza.

Habari njema ni kwamba njia ile haijafutika. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wengi wanaiita SALiKi, inatakiwa kufanyika kila robo mwaka katika kila kijiji na mtaa. Ni mtoto wa mpango ule wa Iringa. Na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kufundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Nikisoma idadi hiyo nafurahi, halafu nawakumbuka wale walioshika mizani miaka ya themanini wakaacha bila kuaga. Nani atawalipa hawa wapya mwaka wa sita? Swali hilo liulizwe sasa, wakati bado wanafundishwa.

Ndugu yangu wa Iringa, wa Mbeya, na popote unaposoma, vikao vya baraza la madiwani hufanyika kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Bajeti ya halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Bunge la Aprili. Mfuate diwani wako kabla ya kikao hicho. Mwulize ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto ilitengwa kiasi gani mwaka jana, ilitoka kiasi gani, na SALiKi ya mwisho kijijini kwenu ilifanyika lini. Mwulize watoto wangapi walipimwa urefu, na si uzito peke yake, na wangapi walikutwa wamedumaa. Akikosa jibu usimkasirikie. Mpe muda wa kulitafuta, kisha rudi robo inayofuata ukamwulize tena. Mbunge akija kwenye mkutano, mwombe kituo cha afya kama mnakihitaji, na umwombe pia alipeleke Dodoma swali la mtoto kwa tarakimu za wilaya yenu.